Maisha ya Adrian Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema

Habari za mapadre wa kwanza wa nchi zetu za magharibi zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, nanyi mnazijua. Sasa someni habari za mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa, bali tabibu mwenye mke na nyumba yake, aliyekaa Karema, kando ya ziwa Tanganyika, miaka 67.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, mbali kabisa upande wa magharibi wa Afrika. Angali mtoto alishikwa na wezi wa watu, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Karibu na mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha kusini ya Algeria, wakampeleka Algiers pamoja na watoto wengine waliokombolewa vivyo hivyo.

Basi wale watoto wafundishwe nini? Swali hili lilimsumbua sana Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika lile mwaka 1868, na ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Kusoma na kuandika peke yake hakumpi mtu chakula; kijana ajuaye kitabu tu angerudi daima mlangoni pa misioni kuomba posho. Lavigerie alichagua uganga. Aliona ya kuwa mganga hupata riziki yake mwenyewe, na ya kuwa hakuna mlango ufungwao mbele yake, wala wa maskini wala wa mtemi. Mkono mmoja ushike dawa, na mkono wa pili ushike katekisimu. Mimi naona shauri hili lilikuwa la busara, walakini lilikuwa la gharama nyingi, na matunda yake yalikawia.

Mwaka 1881 ikafunguliwa nyumba ya mafunzo katika kisiwa cha Malta, penye chuo kikuu cha zamani, na Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa huko. Walijifunza elimu ya jumla pamoja na mambo ya dini, wakahudhuria masomo ya uganga: viungo vya mwili, magonjwa, dawa na upasuaji. Tena Lavigerie hakutaka wageuzwe kuwa Wazungu weusi. Aliagiza walelewe kwa namna ya Kiafrika, ili watakapofika bara waweze kulala na kula kama watu watakaowatibu. Agizo hili si jambo dogo. Hata leo mzazi wa Igunga ampelekaye mwanawe chuo cha afya pale Nkinga, au Ndala katika Nzega, hujiuliza moyoni kama kijana akimaliza atakubali kurudi kijijini.

Atiman alikaa Malta hata mwaka 1888. Zamani zile elimu ya uganga ilikuwa ikibadilika upesi mno. Katika kisiwa kile kile, mwaka 1887, daktari wa jeshi la Kiingereza jina lake David Bruce alikigundua kijidudu cha homa ya Malta. Walakini mambo mengi yaliyotuhusu sisi hayakuwa yamejulikana bado, wala hapana mwalimu aliyeweza kuyafundisha.

Mwaka 1888 kijana akasafiri mpaka Unguja, kisha akaingia bara kwa njia ya misafara, ile njia ya Unyanyembe ipitayo kusini ya Igunga yetu. Mwaka ule ule vita vya Abushiri viliwaka pwani. Hebu fikirini: mtoto aliyevushwa jangwa kama bidhaa, sasa anakwenda kwa hiari yake katika njia iliyopitishwa watumwa wengi kuteremka pwani. Mwaka 1889 akafika Karema, penye boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao mapadre walilipokea mwaka 1885. Akaoa mwanamke wa nchi ile, Agnes, na mmoja wa wana wao, Yosefu, baadaye akawa padre.

Kazi yake aliianza akiwa na vyombo vichache na maarifa yenye mapengo. Alijua kwinini hutuliza homa, lakini wakati ule hapana aliyekuwa amethibitisha ya kuwa mbu ndiye aletaye malaria; jambo hilo lilionyeshwa na Ronald Ross mwaka 1897, huko Bara Hindi. Bruce yule yule wa Malta alionyesha mwaka 1903, huko Uganda, ya kuwa mbung'o huambukiza malale. Tena mwaka 1905 Robert Koch, akichunguza katika nchi yetu, alieleza habari za homa ya papasi, na papasi hao walijaa ndani ya vibanda walimolala wapagazi wa misafara. Kwa hiyo mtu aliyesoma miaka mingi ughaibuni alijikuta, miaka kumi na sita tu baada ya kufika, akiishi katika uganga mwingine kabisa. Cheti cha Malta hakikumtosha.

Huko Malta nyumba yenyewe haikudumu. Ilifungwa mwaka 1896. Waliotoka humo walikuwa wachache, nao watu wa zamani zile wengi walisema fedha imepotea. Ukihesabu vichwa, hesabu yao ni sawa. Lakini mwaka ule Atiman alikuwa kijana wa miaka karibu thelathini, na kazi yake ya Karema ilikuwa haijafika hata sehemu ya nane. Hapo waliomhukumu mwalimu kwa mwaka mmoja wa mitihani waangalie vema tarehe hizi.

Alitibu chini ya Wajerumani, akatibu chini ya Waingereza, asubuhi vidonda na jioni mafundisho ya wakatekumeni. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zikapigwa chapa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1956 akafariki, mzee wa miaka tisini hivi, huko huko Karema. Huko Sumbawanga hospitali ya jimbo huitwa kwa jina lake, Hospitali ya Dr. Atiman.