Clifton Chenier, Mfalme wa Zaideko

Mwana wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga. Hebu mtazame Clifton Chenier, aliyezaliwa tarehe 25 Juni 1925 karibu na Opelousas, jimbo la Louisiana, Marekani. Baba yake, Joseph, alikuwa mpiga kodiani, naye mwana akajifunzia papo hapo nyumbani.

Mchana Clifton alikuwa kibarua: alikata miwa, kisha akafanya kazi ya viwanda vya mafuta huko Port Arthur, Texas. Usiku, muziki tu! Kaka yake, Cleveland, alivaa bati la mikunjo kifuani na kulikwaruza kwa vifungulio vya chupa. Bati hilo la kuning'inia mabegani Clifton mwenyewe ndiye aliyemchorea fundi wa vyuma mwaka wa 1946.

Zaideko ni muziki wa Weusi wa Louisiana wasemao Kifaransa. Clifton aliuchanganya na bluzi, akaimba kwa lugha ya nyumbani bila haya. Mwaka wa 1984 alituzwa Grammy.

Lakini kisukari kilimwandama. Sehemu ya mguu ilikatwa, figo zikachoka, damu ikawa ya kusafishwa kwa mashine. Je, aliitupa kodiani? Wapi! Aliendelea kupiga hadi mwaka wake wa mwisho, akafariki tarehe 12 Desemba 1987. Mwanawe, C.J., mpuliza saksafoni wa bendi hiyo hiyo, akaishika kodiani na kuiongoza bendi.

Wanachama wenzangu, kipaji waweza kurithishwa, lakini jasho ni lako mwenyewe.