Burt Munro: Fundi Aliyesubu Pistoni Zake Kibandani

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga wetu. Hawakumjua mtu wa New Zealand waliponena hivyo, lakini ukiutazama umri wa marehemu Burt Munro tangu mwanzo hata mwisho wake, utadhani msemo huo ulitungwa kwa ajili yake.

Jina lake khasa ni Herbert James Munro. Alizaliwa mwaka wa 1899, yeye na pacha wake wa kike ambaye hakuishi. Alilelewa shambani kwa baba yake huko Edendale, si mbali na mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Baba alitaka mwana ashike jembe. Mwana moyo wake ulikuwa kwenye magurudumu.

Mwaka wa 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout. Jina lisitupoteze, msomaji: Indian ilikuwa kampuni ya Marekani, wala haikuhusiana na Bara Hindi. Pikipiki hiyo ilipotoka kiwandani, mwisho wa mbio zake ulikuwa kiasi cha kilomita 89 kwa saa. Kwa watu wengi hiyo ilitosha na kusaza. Kwa Munro haikutosha, na kuanzia mwaka wa 1926 akaifungua injini na kuanza kuigeuza.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyompa jina. Hakuwa na fedha za kupeleka vyuma vyake kwenye karakana kubwa zenye mitambo. Alichokuwa nacho ni kibanda, moto, tupa, na mikebe mikuukuu. Akawa anayeyusha madini na kuyamimina ndani ya mikebe, na yakishapoa anayachonga na kuyasugua mpaka yawe pistoni. Silinda alizitengeneza mwenyewe. Mikono ya pistoni, yaani vile vyuma vinavyoshika pistoni na kuzungusha mtaimbo wa injini, aliichonga kutoka ekseli ya trekta. Na kipimo chake, ambacho mafundi wengine hukinunua kwa bei ghali, kilikuwa ni spoku kuukuu ya gurudumu.

Asiyejua injini atauliza: pistoni ina ugumu gani? Jibu ni kwamba aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma cha silinda. Ukiiacha pistoni ikabana, injini ikipata moto itanata na kukwama ghafla. Ukiilegeza mno, moto utapenya pembeni na nguvu zitapotea. Nafasi baina ya mawili hayo ni nyembamba mno, na Munro aliitafuta kwa vidole, macho na subira. Akikosea, hasara ni injini nzima. Na akikosea akiwa mbioni, huenda ikawa ni roho yake.

Alikosea mara nyingi. Kibandani mwake mlikuwa na rafu zilizojaa pistoni zilizopasuka na vyuma vilivyokatika, na juu yake aliandika kwa mzaha kwamba hayo ni matoleo kwa mungu wa mbio. Sisi wa huku hatufanyi mzaha wa namna hiyo, lakini tunaielewa maana yake: mtu yule hakuyaficha makosa yake. Aliyaweka mahali pa kuonekana, akajifunza kwayo.

Hata hivyo, haifai kusifu tu. Kwa miaka mingi Munro alifanya kazi ya mshahara mchana, akiuza na kutengeneza pikipiki, na usiku akaumaliza kwenye injini yake. Alimwoa Beryl mwaka wa 1925, wakapata watoto wanne, na mwaka wa 1947 wakaachana. Baadaye aliacha kazi akahamia kwenye kibanda chake, akalala pembeni mwa pikipiki. Kila kitu kina bei yake, na bei nyingine hailipwi kwa fedha.

Mwaka wa 1957 alikwenda Marekani kuyaona makaushio ya chumvi ya Bonneville, katika jimbo la Utah. Wenzetu wa Gongoni na Ngomeni wanaijua ardhi ya chumvi. Basi ile ya Bonneville ni tambarare hata macho yachoke, na ndiko wapenda mbio hukusanyika. Mwaka wa 1962 alirudi kushindana. Alijinyima, akavuka bahari na pikipiki yake, na akishafika hununua gari kuukuu la kuivutia. Mwaka huo aliweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa. Akaweka nyingine mwaka wa 1966.

Kilele kilikuwa Agosti 26, 1967. Munro alikuwa na miaka 68, na pikipiki miaka 47. Injini iliyozaliwa na ujazo wa sentimita 600 sasa ilikuwa na 950 hivi. Alipita mara mbili, kwenda na kurudi, ikachukuliwa wastani: akatangazwa mshindi wa pikipiki zisizozidi ujazo wa 1000, kwa maili 183.586 kwa saa.

Munro alifariki Januari 6, 1978. Mwaka wa 2005 ilitoka filamu juu yake, na Anthony Hopkins ndiye aliyemwigiza. Lakini lililo zuri zaidi lilikuja mwaka wa 2014. Mwanawe aligundua kwamba wale waandishi wa rekodi walikosea hesabu ya wastani. Ikapigwa upya, ikatoka maili 184.087, sawa na kilomita 296 na ushei.

Ajabu iliyoje! Fundi aliyepima kwa spoku, pistoni zake zilikuwa sahihi. Waliokosea ni wenye saa na karatasi. Haki yake ilichelewa miaka 47, lakini ilifika. Nawe msomaji, ukimpita fundi barazani kwake ameshika tupa, usimdharau kwa uchache wa vyombo vyake. Kitazame kwanza kile anachokitengeneza.