Albert Cook, tabibu aliyejifunza lugha ya wagonjwa wake

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huhitimisha madaktari, na kila mwaka baadhi yao hupangiwa kazi mahali ambapo hawajapata kukanyaga. Tuchukue mfano wa Kaunti ya Tana River, kutoka Chewele iliyo upande wa Bura hadi Garsen iliyo karibu na delta. Huko daktari kijana atakutana na Mpokomo alimaye kando ya mto, Muorma achungaye ng'ombe, Mmunyoyaya, Mwilwana na Msomali. Kijana huyo ameihifadhi mifupa yote ya mwili kwa Kiingereza na Kilatini. Je, atamwelewa bibi kizee anayemweleza yanayomsibu?

Swali hili si geni katika Afrika Mashariki. Lilimkabili Albert Ruskin Cook zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, na ndiyo sababu nauona wasifu wake kuwa somo linalowafaa walimu na wanafunzi wetu hata leo.

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akapata mafunzo ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na kundi la wamishonari wa Kianglikana waliokuwa wakielekea Uganda. Reli ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kujengwa, kwa hiyo safari ya bara ilikuwa ya miguu, ya miezi kadhaa. Miongoni mwa wenzake alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka 1900.

Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi Februari 1897, na Cook akafungua zahanati mwezi huo huo. Hospitali yake ya kwanza ilikuwa ya matete na nyasi. Mwaka 1899 ndugu yake, Jack, ambaye naye alikuwa daktari, alikuja kumsaidia. Hospitali kubwa zaidi waliyoijenga ilipigwa na radi ikateketea mwaka 1902, na hawakukata tamaa bali walijenga nyingine ya matofali. Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda, katika mlipuko ambao inakadiriwa uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa aghalabu. Liko jingine ambalo husahaulika. Mwaka 1903 Cook alichapisha kitabu cha msamiati wa tiba na vifungu vya mazungumzo kwa Kiganda. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu, na nakiri kwamba kitabu hicho kidogo kinanivutia kuliko majengo yote ya Mengo. Mwandishi wake alikuwa ametambua kwamba ugonjwa humfikia daktari ukiwa umevikwa maneno, na kwamba asiyeyajua maneno hayo hutibu kwa kubahatisha.

Anayelidharau jambo hili na atazame Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi wa udaktari akisikia mzee wa pwani akisema kwamba ana mshipa, huenda akafikiria njia za damu. Mzee anazungumzia busha, yaani ngiri maji, ugonjwa unaojulikana sana katika kaunti zetu za pwani, Tana River ikiwamo, kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mama akilalamika kwamba chembe cha moyo kinamuuma, daktari asipokuwa mwangalifu atampima moyo, ilhali maumivu yako kwenye tumbo la juu, chini ya kidari. Tena Waswahili husikia baridi, husikia njaa na husikia maumivu. Sikio halina kesi hapo. Ikiwa lugha tunayodai kwamba sote twaijua ina mitego ya namna hii, Kiorma na Kiilwana je?

Cook alikuwa na tabia nyingine ya kuigwa: aliandika. Maelezo ya wagonjwa wa Mengo yalihifadhiwa tangu mwaka 1897. Mwaka 1964 watafiti walichapisha uchunguzi wa saratani katika jamii moja ya Kiafrika kuanzia 1897 hadi 1956, nao waliutegemeza juu ya kumbukumbu hizo. Daktari wa kijijini anayesikiliza vizuri na kuandika vizuri huwafaa hata watu ambao bado hawajazaliwa.

Kisha likaja suala la kufundisha. Cook aliona kwamba madaktari wawili watatu kutoka Ulaya hawangeweza kuitibu nchi nzima. Mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, shule ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya usaidizi wa tiba ilianzishwa Mengo. Katika miaka ya 1920 kazi hiyo ilichukuliwa na serikali huko Mulago na Makerere. Mwaka 1919 Katharine Cook alianzisha shule ya wakunga iliyokuja kuitwa Lady Coryndon, na wahitimu wake walitumwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Kwa ajili yao kiliandikwa kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Msichana aliyekwenda kuzalisha kijijini alikuwa amesoma kazi yake kwa maneno yale yale ambayo mzazi angeyatumia. Makerere, kwa upande wake, ilifundisha kwa Kiingereza, na sisi tuliofuata tukaurithi mtindo wa Makerere.

Lakini haki haitendeki kwa kusifu tu. Mnamo 1907 na 1908 madaktari wa kikoloni, Cook akiwamo, walitangaza kwamba sehemu kubwa ya Waganda walikuwa na kaswende, wakalihusisha jambo hilo na maadili. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba mengi ya yaliyoitwa kaswende ya zinaa yalikuwa magonjwa ya ngozi ya jamii ya buba, ambayo hayahusiani na zinaa hata kidogo. Shule ya wakunga yenyewe ilichipuka katika hofu hiyo. Cook aliyajua maneno ya Waganda; hukumu yake juu ya maisha yao aliichukua kwingine.

Isitoshe, elimu ya wenyeji haikupewa nafasi. Mwaka 1879, karibu miaka ishirini kabla ya Cook kufika, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro mganga wa kienyeji akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mganga yule alinawa kwa pombe ya ndizi, akampa mama pombe hiyo hiyo ili kupunguza maumivu, akachoma kwa chuma cha moto palipotoka damu, kisha akalifunga jeraha kwa pini za chuma. Mama akapona. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884. Ujuzi wa namna hiyo ulistahili kuulizwa na kuandikwa, lakini shule za tiba zilizofuata ziliupita kama usioonekana.

Cook alistaafu katika miaka ya 1930, baada ya kupewa cheo cha Sir mwaka 1932. Katharine alifariki mwaka 1938. Yeye mwenyewe hakurudi kwao kuzeekea huko. Alibaki Kampala hadi alipofariki mwaka 1951.

Tumejifunza nini? Hatua kadhaa zimepigwa, nazo hazina budi kusifiwa. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzisha kitivo chake cha sayansi ya afya mwaka 1988, tangu mwanzo kiliwapeleka wanafunzi wake kuishi na kujifunza miongoni mwa jamii, na Makerere nayo ikaja kufuata mkondo huo. Hata hivyo, kumpeleka mwanafunzi kijijini ni nusu ya kazi. Akifika huko akazungumza na mkalimani tu, na mkalimani akawa mtoto wa mgonjwa, mama ataficha yale ambayo hayasemeki mbele ya mwanawe.

Kwa maoni yangu, idara za isimu na vitivo vya tiba zimekaa mbalimbali mno. Wanafunzi wetu wa isimu hutafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wenzao wa udaktari huhitaji msamiati wa maradhi kwa Kipokomo, Kiorma, Kiilwana na lugha nyinginezo. Wakae pamoja, wawaulize wazee na wakunga wa jadi, wawasikilize bila kuwahukumu, kisha waandike. Mgeni aliyetembea kwa miguu kutoka Mombasa alichapisha msamiati wake miaka sita baada ya kufika Mengo. Sisi wenyeji, wenye vyuo, maktaba na wasemaji wa lugha hizo madarasani mwetu, tutatoa udhuru gani?