ALIYEJENGA MTAA NDANI YA JUMBA LA OROFA

Kila mwaka huwaonya wanafunzi wangu wa isimu dhidi ya kutafsiri neno kwa neno, kwani maneno yote huwapo, maana ikakosekana. Kosa lilo hilo, nionavyo mimi, ndilo walilotendewa Le Corbusier na wengi waliomwiga.

Msanifu huyu wa majengo alizaliwa mwaka 1887 mjini La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akaitwa Charles-Édouard Jeanneret. Babake alikuwa akipamba nyuso za saa, mamake akifundisha piano. Jina la Le Corbusier alijipa mwenyewe mwaka 1920 akiwa Paris, na mwaka 1930 akawa raia wa Ufaransa. Hakukosa kiburi. Mwaka 1925 alipendekeza sehemu ya katikati ya Paris ibomolewe, pasimamishwe minara ya orofa 60. Bahati njema, hakusikizwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, Wafaransa wengi hawakuwa na makao. Serikali ikampa kazi ya kujenga jumba la makazi mjini Marseille, nalo likajengwa kati ya 1947 na 1952. Lina urefu wa mita 137, kimo cha mita 56 na nyumba 337 za kukaa watu wapatao 1,600. Limeinuliwa juu ya nguzo nene za saruji, watu wakapata kupita chini yake. Nyumba zenyewe ni nyembamba, upana wake haufiki mita 4. Lakini nyingi zimepenya kutoka ubavu mmoja wa jumba hadi wa pili, hivyo mwanga na upepo huingia pande zote mbili. Humo ndani aliweka njia yenye maduka; juu ya paa akaweka shule ya chekechea, kidimbwi cha watoto na njia ya kukimbilia. Wenyeji walimcheka wakiliita nyumba ya mwendawazimu. Mwaka 2016, UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa dunia.

La kusikitisha ni kwamba waigaji wengi walitwaa kimo, wakaacha shule, maduka na upepo. Nilipokuwa mwanafunzi nilipanga chumba katika orofa ya nne ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Saa sita mchana nilisoma kwa taa, nao watoto wa jirani walichezea ngazini.

Le Corbusier alifariki tarehe 27 Agosti 1965 akiogelea baharini huko Roquebrune-Cap-Martin, karibu na kibanda cha mbao cha chumba kimoja alichokuwa amejijengea. Walimu wenzangu, tunapowafundisha vijana habari za miji mikubwa, tusiwaulize tu jumba lina orofa ngapi. Tuwaulize pia mtoto wa orofa ya juu kabisa anachezea wapi.