Rashidi Kawawa na filamu za Kiswahili

Rashidi Mfaume Kawawa (27 Mei 1926 – 31 Desemba 2009) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania na mmoja wa waigizaji wa kwanza wa filamu za Kiswahili. Anakumbukwa zaidi kama Waziri Mkuu na msaidizi wa karibu wa Julius Nyerere, lakini kabla ya kuingia katika siasa alikuwa tayari ameonekana na watu wengi kwenye kitambaa cheupe cha sinema ya kuzunguka.

Maisha ya awali

Kawawa alizaliwa Matepwende, katika eneo la Songea ambalo leo ni sehemu ya Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Alisoma hadi shule ya sekondari ya serikali ya Tabora, shule ile ile aliyosoma Nyerere. Baada ya masomo aliajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani, kisha akahamia idara ya maendeleo ya jamii. Idara hiyo ilishughulika na elimu ya watu wazima, hasa kampeni za kusoma na kuandika, na mojawapo ya vyombo vyake vya kazi ilikuwa filamu.

Filamu kabla ya Kawawa

Filamu kwa ajili ya Waafrika zilikuwa zimejaribiwa Tanganyika tangu 1935. Mwaka huo mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Hadi 1937 ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Picha zilikuwa za milimita 16, na sauti ilitoka kwenye sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha. Malori yalizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kuzionyesha. Waafrika walicheza mbele ya kamera na kufanya kazi nyingi za mikono, ila uamuzi wa nini kisemwe ulibaki kwa Wazungu waliouongoza mradi.

Mjini hali ilikuwa tofauti. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, mengi yakimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, yalionyesha filamu za Marekani na India. Watazamaji wengi wa Kiswahili walizipenda filamu za Kihindi bila kuelewa lugha yake. India yenyewe ilikuwa mbali sana katika kazi hii: kampuni ya Prabhat ilianzishwa Kolhapur mwaka 1929 na watu wa huko huko, na mwaka 1932 ilitoa Ayodhyecha Raja, filamu ya kwanza yenye sauti katika lugha ya Kimarathi. Kiswahili hakikuwa na kampuni ya namna hiyo. Wenye mtaji walipata faida ya kutosha kwa kuleta filamu zilizokwisha tengenezwa.

Mwigizaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliamua kujaribu tena, safari hii kwa filamu za hadithi. Kazi ilipewa kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, Afrika Kusini. Lugha ilikuwa Kiswahili na wachezaji walikuwa wenyeji. Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa idara na mzoefu wa sinema ya kuzunguka, akawa mchezaji mkuu. Alicheza katika Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda.

Inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Kawawa alicheza kama mtu wa shamba anayekuja mjini bila kujua mambo ya mjini, na wajanja wakamfanya windo lao. Watu walicheka, lakini funzo lilikuwa wazi: mji unameza, afadhali kubaki kijijini. Funzo hilo liliifaa serikali iliyokuwa ikihangaika na vijana waliokuwa wakimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi. Hata hivyo si lazima mtazamaji alichukue jinsi lilivyokusudiwa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mwafrika akiwa ndiye mhusika mkuu wa hadithi, tena akizungumza lugha wanayoielewa.

Mpango huo haukudumu. Mwaka 1953 Kawawa alipelekwa magharibi mwa Tanganyika kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliokuwa kizuizini kutokana na vita vya Mau Mau nchini Kenya. Hakurudi tena kwenye uigizaji.

Vyama vya wafanyakazi na siasa

Kawawa aliongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na mwaka 1955 alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika (TFL). Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga na chama cha siasa, hivyo mwaka 1956 aliacha kazi na kuingia TANU. Shirikisho lilikusanya wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa mashamba ya mkonge kama yale ya Tanga na Kilosa. Watu hawa ndio hasa Muhogo Mchungu ilikuwa imewashauri wasitoke kwao.

Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962, Kawawa alishika nafasi hiyo hadi nchi ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba. Katika mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria zilizobana haki ya kugoma, jambo lililowaumiza baadhi ya wenzake wa zamani katika TFL. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977.

Filamu wakati wa uongozi wake

Kampuni ya filamu ya taifa, Tanzania Film Company, iliundwa mwaka 1968. Filamu yake ya kwanza ya hadithi, Fimbo ya Mnyonge, ilitoka katikati ya miaka ya 1970, Kawawa akiwa Waziri Mkuu na watu wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Inamhusu Yombayomba, kijana anayekimbilia mjini, anakosa kazi, kisha anagundua kwamba maisha yake yako kijijini. Waliokuwa wameiona Muhogo Mchungu wangeitambua njia hiyo. Safari hii serikali ilikuwa ya wananchi wenyewe, na mtu wa shamba wa mwaka 1952 alikuwa ameketi serikalini.

Miaka ya mwisho

Alikuwa katibu mkuu wa Chama Cha Mapinduzi katika miaka ya 1980. Mke wake, Sofia Kawawa, aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Kawawa alifariki Dar es Salaam katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili akazikwa Madale. Barabara ya Kawawa, inayopita Magomeni na Kinondoni jijini humo, ina jina lake.