Ronald Ngala: Mwalimu wa Mbale na Viti Viwili vya Limuru

Utangulizi

Jina la Ronald Gideon Ngala hutajwa mno katika vitabu vya historia ya Kenya kama jina la mtetezi wa majimbo. Katika madarasa yetu ya Kiswahili halitajwi sana, ilhali mnamo mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, Ngala alichapisha kwa lugha hii kitabu kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha yake kwa kuyatazama kupitia mikutano miwili ya chama cha KANU iliyofanyika Limuru. Katika mkutano wa kwanza, wa mwaka 1960, Ngala alipewa kiti akakikataa. Katika wa pili, wa mwaka 1966, alipewa kiti akakikubali. Swali linalotushughulisha ni hili: alichokikubali mara ya pili kilikuwa na uzito gani?

Malezi na Ualimu

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Alisoma Kaloleni, kisha Shule ya Upili ya Alliance, na hatimaye akapata stashahada ya ualimu katika Chuo cha Makerere. Alirudi Pwani kufundisha.

Mapema katika miaka ya 1950 alipelekwa Taita kuiongoza shule ya Mbale. Mbale imo katika milima ileile yenye Wundanyi, Werugha na Mwanda, sehemu ambayo wamisheni walikuwa wameshaeneza elimu kwa miongo kadhaa. Kwa Mgiriama aliyekulia karibu na bahari, Taita ilikuwa nchi nyingine kwa lugha, kwa hali ya hewa na kwa mila. Kiswahili ndicho kilichomwezesha kuzungumza na wazazi wa wanafunzi wake. Alihama baadaye kwenda Mombasa, akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton.

Ualimu huo ulikuwa na faida ya kisiasa. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambapo Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali au utumishi, na mpigakura mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu. Walimu, makarani na wazee wa kanisa walikuwa na sauti kubwa kuliko idadi yao. Ngala, ambaye alikuwa amefundisha Kaloleni, Mbale na Mombasa, alifahamika kwa watu wa aina hiyo kutoka ufukweni hadi milimani. Alishinda kiti cha Pwani, akaingia barazani pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wenzao.

Kiti Kilichokataliwa

Mnamo tarehe 14 Mei 1960, wajumbe walikutana Limuru kuchagua viongozi wa KANU. James Gichuru alichaguliwa rais, Odinga makamu wake, na Mboya katibu mkuu. Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi msaidizi wake. Wote wawili hawakuwapo mkutanoni.

Wote wawili walivikataa vyeo hivyo. Kwa maoni yao, chama kilikuwa mikononi mwa jamii kubwa, na watu wa Pwani na wa Bonde la Ufa walikuwa wamegawiwa nafasi za kupamba orodha tu. Mnamo Juni 1960, viongozi wa jamii ndogo walikutana Ngong wakaunda KADU. Ngala akawa rais wa chama hicho.

Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. Mwezi Aprili, Ngala alikubali kuiongoza serikali akiwa na wabunge wachache. Wapinzani wake walimwita kibaraka. Wafuasi wake walisema ameokoa nafasi ya jamii ndogo. Hata hivyo, Kenyatta aliachiliwa mwezi Agosti mwaka huohuo, wakati Ngala akiwa uongozini. Mwaka 1962, katika mkutano wa katiba mjini London, hoja ya majimbo ilipata nafasi katika katiba ya nchi.

Kura za Mei 1963 ziliipa KANU ushindi. Ngala akawa kiongozi wa upinzani, huku Dawson Mwanyumba, mwana wa Taita, akiingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Kenyatta. Kwa hiyo, hata Pwani yenyewe haikuwa na kauli moja. Wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Mnamo Novemba 1964 Ngala alikivunja chama, na majimbo yakafutwa.

Kiti Kilichokubaliwa

Mnamo Machi 1966 wajumbe wa KANU walirudi Limuru. Shabaha ya mkutano ulioandaliwa na Mboya ilikuwa kumwondoa Odinga. Njia iliyotumika haikuwa kumshinda kwa kura katika cheo chake, bali kukifuta cheo chenyewe na kukigawa kuwa viti vinane vya makamu wa rais, kimoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Katika Mkoa wa Kati, Bildad Kaggia alitangulia kushinda. Kura ikarudiwa, na Gichuru akakichukua kiti. Pwani ilimpata Ngala. Mwezi wa nne Odinga alijiuzulu serikalini, na mwezi wa tano Ngala akateuliwa waziri.

Hapa ndipo penye kejeli kubwa ya maisha yake. Mgawanyo wa madaraka kwa mikoa, ambao KANU iliupinga alipoudai kwa ajili ya jamii ndogo, ulikubaliwa na KANU hiyohiyo ulipofaa kumpunguzia mtu mmoja nguvu. Ngala alipata umbo la hoja yake bila kiini chake. Makamu wanane hawakuwa na mabaraza, fedha wala sheria za mikoa yao.

Wala kiti hicho hakikumpa utulivu nyumbani. KANU ya Mombasa iligawanyika kati ya wafuasi wake na wa Msanifu Kombo, aliyekuwa meya wa mji huo, na nguvu zilizopaswa kuitetea Pwani zikaishia katika kuligombea tawi. Aidha, KANU haikufanya tena uchaguzi wa viongozi wa kitaifa hadi Oktoba 1978. Ngala hakuuona. Alipata ajali ya gari huko Konza mnamo Desemba 1972, akafariki tarehe 25 ya mwezi huo. Uvumi kwamba nyuki walitiwa ndani ya gari lake ungali unasimuliwa Pwani.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1960 Ngala alikataa cheo kidogo akapata chama, na mwaka 1966 alikubali cheo kikubwa kwa jina akabaki bila chama chake. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza alikuwa na watu waliomtuma. Mara ya pili alikuwa na wajumbe waliopangwa na wengine. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha katiba yenye serikali za kaunti, na leo watu wa Mwanda na Mbale huchagua gavana wao wa Taita Taveta. Mjadala kuhusu mipaka ya madaraka hayo unaendelea. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kukirudia kitabu chake cha 1949, kwa kuwa humo, kabla ya vyama na viti, tunamkuta kijana akieleza kwa Kiswahili kwamba nchi ya watu wake ina mpangilio wake unaostahili kujulikana.