Edmond Albius: Mtoto wa Utumwani Aliyeifanya Vanila Izae



Mkulima wa vanila kule Kagera, au jirani yake wa Uganda, akitaka kupanua shamba hahangaiki kutafuta mbegu. Anakata marando kutoka mmea wenye afya, anayapumzisha kivulini, kisha anayapanda. Miaka kama mitatu baadaye maua yanatoka, naye anaamka asubuhi na kijiti chembamba mkononi, anapita ua kwa ua. Kazi hiyo ya kijiti ilianzia kwa mtoto mmoja wa miaka 12, mtumwa, yatima wa mama, ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma wala kuandika. Jina lake ni Edmond Albius. Wengi tumekula keki na aiskrimu zenye harufu ya vanila bila kulisikia jina hilo, na maisha yake yana jambo la kutufundisha sisi tunaotumia muda mwingi juu ya vitabu.

Kuzaliwa na kulelewa

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon kilichopo Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Leo kisiwa hicho kinaitwa Réunion. Wakati ule kilikuwa koloni la Ufaransa, na uchumi wake ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Mama yake, Mélise, alifariki alipomzaa. Mtoto akabaki bila mama na bila jina la ukoo, kwa kuwa watumwa hawakuwa na majina ya ukoo kisheria. Aliitwa Edmond tu.

Alikulia katika nyumba ya Féréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa sana mimea. Bellier alimchukua kijana huyo kila alipozunguka bustanini, akimwonyesha maua na kumweleza namna mimea inavyozaana. Hakumpeleka shule. Lakini mtoto alikuwa na macho ya kuona na masikio ya kusikia, na mambo aliyoyaona katika bustani ile hayakumpita bure.

Mmea ulioota usizae

Ili tuelewe alichokifanya Edmond, tuuangalie kwanza mmea wenyewe. Vanila ni mmea unaotambaa wa jamii ya okidi, na asili yake ni misitu ya Mexico na nchi jirani zake. Watu wa Totonac waliijua na kuitumia kabla ya Wahispania kufika. Kwa karne tatu hivi baada ya hapo, vanila yote iliyoliwa Ulaya ilitoka upande huo wa dunia.

Wafaransa walitaka kuipanda katika makoloni yao. Kati ya mwaka 1819 na 1822 marando ya vanila yaliletwa Bourbon kwa meli. Yale yaliyoletwa kutoka Paris mwaka 1822 ndiyo yaliyostawi vizuri. Kuhusu kuota hapakuwa na shida kubwa, maana vanila ni mmea unaopenda kuota kwa marando. Kila pingili ya mmea huo inaweza kutoa mizizi na chipukizi. Ukikata kipande chenye pingili kadhaa, ukaondoa majani ya chini, ukakiacha kivulini siku kadhaa hadi wiki moja ili kidonda cha mkato kikauke, hakiozi kwa urahisi kinapoguswa na udongo. Kisha unalaza pingili mbili au tatu za chini juu ya udongo laini usiotuamisha maji, unazifunika kwa majani yaliyooza, na sehemu ya juu unaifunga kwenye mti shikizi kama mbono. Usiizike ndani sana, kwa sababu mizizi yake hupenda kukaa juu juu penye hewa. Jua kali huiunguza, na kivuli kizito huidhoofisha. Unyevu uwepo, ila maji yakisimama, rando litaoza.

Mmea unaopatikana kwa njia hii si mtoto wa mmea wa kwanza, kama mbegu ilivyo mtoto. Ni mmea uleule ukiendelea kuishi mahali pengine. Kwa hiyo wenye mashamba wa Bourbon waliweza kukata, kupanda, na kukata tena, na vanila ikapanda juu ya miti yao, kijani na yenye afya. Ikatoa hata maua. Lakini matunda hayakuonekana. Walikuwa na mmea wote, wakakosa kile walichoutakia. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi.

Sababu imo ndani ya ua lenyewe. Ua la vanila lina sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike inayoipokea, zote katika ua moja. Katikati yake kuna kiwambo chembamba kama ulimi kinachozitenganisha. Kwa kawaida chavua haiwezi kuvuka yenyewe. Huko kwao Mexico wapo wadudu wanaofanya kazi hiyo, ambao Bourbon hawakuwepo. Tena ua hufunguka asubuhi moja tu, na kabla ya siku kwisha limesinyaa. Lisipochavushwa saa hizo, linaanguka.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 1836 Charles Morren, mwanabotania wa Liège nchini Ubelgiji, alifanikiwa kuchavusha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia yake haikuwafikia wakulima kama kitu cha kufanyika shambani, penye maelfu ya maua na asubuhi fupi.

Mwaka 1841

Bellier-Beaumont alikuwa na mmea mmoja wa vanila uliokaa bustanini kwake karibu miaka 20 bila kuzaa. Siku moja mwaka 1841, akitembea na Edmond, aliona tunda likining'inia kwenye mmea ule. Alishangaa. Edmond akamweleza kwamba ni yeye aliyelichavusha ua lile. Bellier hakumwamini. Siku chache baadaye likaonekana tunda lingine, na hapo akamtaka amwonyeshe.

Edmond akaonyesha. Alikuwa amejifunza kwa Bellier namna ya kuchavusha mmea wa jamii ya tikiti, ambao maua yake ya kiume na ya kike hukaa mbalimbali na huunganishwa kwa mkono. Akajiuliza kama jambo la namna hiyo haliwezekani kwa vanila. Akalichunguza ua, akakiona kile kiwambo. Akachukua kijiti chembamba, akalichana ua kidogo upande mmoja, akakiinua kiwambo kwa ncha ya kijiti, na kwa kidole gumba akaisukuma chavua iguse sehemu ya kike. Ni kitendo cha sekunde chache, na mkono uliozoea unaweza kukirudia mara nyingi sana kabla jua halijawa kali.

Tunaosoma falsafa tunafundishwa na Aristotle kutofautisha kati ya kitu kilicho katika uwezekano na kitu kilichotimia. Mmea ule ulikuwa na uwezekano wa kuzaa kwa miaka 20. Kilichokosekana ni mtu wa kuutazama ulivyo, kwa subira, bila kudhani kwamba waliosoma wameshamaliza yote.

Bellier aliwaandikia wenye mashamba wenzake. Edmond akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine kazi hiyo. Mtoto wa miaka 12 akawa mwalimu wa kisiwa kizima, huku mwenyewe akihesabiwa kuwa mali ya mtu.

Uhuru na taabu

Utajiri ukaanza kuingia. Mwaka 1848 vanila iliyosafirishwa kutoka kisiwani ilikuwa kilo zipatazo 50 tu. Kufikia mwaka 1898 ilikuwa takriban tani 200, na kisiwa kikaipita Mexico. Marando yakavuka bahari kwenda Madagaska, Komoro na Shelisheli. Hadi leo Madagaska ndiyo inayoongoza duniani kwa vanila, na maua yake yanachavushwa kwa njia ileile ya Edmond.

Mwaka huohuo wa 1848 Ufaransa ilifuta utumwa. Tarehe 20 Desemba tangazo lilisomwa Réunion, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru, Edmond akiwemo, akiwa na miaka 19. Ndipo alipopewa jina la ukoo, Albius, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Alipewa uhuru na jina. Shamba hakupewa, wala fedha, wala sehemu yoyote ya faida iliyotokana na kidole gumba chake.

Alikwenda mji wa Saint-Denis kutafuta maisha, akafanya kazi jikoni. Huko akahusishwa na wizi wa vito, akahukumiwa kifungo na kazi ngumu. Waliomfahamu walimwombea kwa gavana, wakikumbusha kwamba kisiwa kinakula jasho la ugunduzi wake, naye akaachiliwa kabla ya kumaliza adhabu. Akarudi Sainte-Suzanne, karibu na bustani alikokulia, akaoa, akaishi maisha ya kawaida ya mtu maskini.

Vita juu ya jina lake

Hata ile heshima ya kuwa mgunduzi ilitaka kuchukuliwa. Jean Michel Claude Richard, mwanabotania mwenye cheo kisiwani, alidai kwamba yeye ndiye aliyeionyesha njia hiyo miaka kadhaa kabla, na kwamba Edmond aliiona kwake. Dai hilo lilikuwa rahisi kuaminiwa na watu wa wakati ule. Upande mmoja palikuwa na msomi mwenye vyeo, na upande wa pili mtu mweusi aliyekuwa mtumwa na mfungwa.

Hapa Bellier-Beaumont alisimama upande wa ukweli. Aliandika kumtetea Edmond, akieleza kwamba Richard alidanganywa na kumbukumbu zake, na kwamba ni Edmond, si mwingine, aliyezunguka mashambani akifundisha. Tusimfanye Bellier mtakatifu. Alikuwa mwenye watumwa, na hakumfungulia kijana wake mlango wa shule. Lakini ilipofika saa ya kusema nani alifanya nini, alisema, na bila maandishi yake huenda leo tungesoma jina la Richard peke yake.

Edmond alifariki tarehe 9 Agosti 1880 huko Sainte-Suzanne, hospitalini, akiwa fukara. Leo mji huo una sanamu ya kumkumbuka.

Kinachotugusa

Historia hii iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Desemba 1860, Edmond akiwa bado hai, Padre Armand Fava aliondoka Réunion na wenzake, wakiwemo masista wa Binti wa Maria, akafika Zanzibar. Kazi waliyoianza ilipokelewa na mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka kuja Bagamoyo na kuanzisha makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, pamoja na mashamba yao. Imani iliyokuja kwetu kwa njia hiyo ilitoka katika kisiwa kilichokuwa kimetoka kufuta utumwa miaka 12 tu kabla, kisiwa kilichokuwa kikitajirika kwa maarifa ya mtumwa mmoja.

Kwetu tulioko seminarini, swali la Edmond linauma kidogo. Tunajifunza kupambanua hoja, kutaja majina makubwa, kuandika kwa utaratibu. Hayo ni mema. Lakini mtu anaweza kuijua mantiki yote na bado asimsikilize mzee anayetunza bustani ya parokia, au mama anayejua kwa nini miche ya mwaka huu imekufa, kwa sababu tu hawana cheti. Bellier alikosea alipomwona mtoto akisema ukweli na asimwamini. Alipata bahati ya tunda la pili. Mara nyingi sisi hatupewi tunda la pili.

Na kwa wanaparokia wanaofikiria kupanda vanila nyumbani: kata rando lenye afya, lipe kivuli na muda wa kukausha kidonda, usilizike sana, usilizamishe maji. Ukifika wakati wa maua, amka mapema. Na mtoto aliye karibu akitaka kujaribu kile kijiti, mpishe ajaribu, na akifaulu, utaje ufundi huo kwa jina lake.

Edmond Albius apumzike kwa amani.